Mgeni wa Siku Mbili: Wakati, Vita na Wenyeji katika Usimulizi wa Visiwa vya Ukerewe na Mafia

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna visiwa vya Ukerewe na Mafia vinavyosimuliwa na wageni na wenyeji, hasa pale ambapo mila na vita vinakutana katika andiko moja. Hoja kuu ni kwamba habari za ziara zinawagawia wageni na wenyeji nyakati mbili tofauti za kisarufi. Vita, vinavyochukuliwa kuwa mali ya mgeni, vinaandikwa kwa njeo iliyopita, vikiwa na tarehe na majina. Mila, zinazochukuliwa kuwa mali ya mwenyeji, zinaandikwa kwa kiambishi cha mazoea hu-, bila tarehe wala majina. Kwa kuisoma riwaya ya Aniceti Kitereza kuhusu Ukerewe, pamoja na masimulizi ya Kua na Kisimani Mafia, makala inaonyesha kuwa usimulizi wa wenyeji haukubali mgawanyo huo. Makala inahitimisha kwa kupendekeza kuwa uhakiki wa Kiswahili uipe habari ya ziara uzito unaoistahili, na kwamba kumbukumbu za vita zilizomo katika lugha za visiwani zikusanywe zingali na wasimulizi.

1.0 Utangulizi

Waswahili wana methali isemayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii haimfukuzi mgeni. Inampa siku mbili za kutazama, kula na kupumzika, kisha inamtaka aingie katika kazi ya mji alioufikia. Makala hii inadai kuwa sehemu kubwa ya maandishi kuhusu visiwa vyetu imekwama katika siku ya pili. Mwandishi amefika, amekaribishwa, ameona ngoma na magofu, ameambiwa habari za meli iliyozama, kisha ameondoka kabla ya kukabidhiwa jembe.

Habari ya ziara ni utanzu ambao wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameupa nafasi ndogo ukilinganishwa na riwaya, tamthilia na ushairi. Hata hivyo, utanzu huu si mpya wala si wa kuazima tu. Mkusanyo wa Carl Velten uliotoka mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli ulikuwa na maandishi ya watu wa pwani waliosimulia safari zao za kwenda bara, akiwamo Selemani bin Mwenye Chande na Mtoro bin Mwinyi Bakari, na hata safari ya Salim bin Abakari ya kwenda Urusi na Siberia. Mkusanyo huo unatukumbusha jambo ambalo ni rahisi kulisahau: mgeni anayetazama na kuandika si lazima awe Mzungu. Mtu wa pwani aliyekwenda bara aliwatazama wenyeji wake kwa jicho la mgeni, na mtu wa bara anayekwenda kisiwani leo anaweza kufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo, suala linalojadiliwa hapa ni mahali anaposimama msimuliaji na sarufi anayoitumia akiwa hapo. Rangi yake si hoja.

Tumechagua Ukerewe na Mafia kwa sababu mbili. Kwanza, visiwa hivi vinatajwa mara kwa mara kama mahali pa mbali penye utamaduni uliohifadhika. Pili, vyote viwili viliguswa moja kwa moja na Vita vya Kwanza vya Dunia. Mafia ilitekwa na Waingereza mwezi Januari 1915, na Ukerewe ikatekwa mwezi Juni 1916, kabla ya Mwanza kuangukia mikononi mwao mwezi Julai mwaka huo. Visiwa hivi, kwa hiyo, vinatupatia mahali pazuri pa kuuliza: mila na vita vinapoandikwa pamoja, nani anapewa historia na nani anapewa desturi?

2.0 Sarufi ya Mgeni

Tuanze na lugha yenyewe. Sentensi zifuatazo tumezitunga kwa kufuata mtindo ulioenea katika vijitabu vya utalii na makala za safari:

(1) Wenyeji wa kisiwa hiki hucheza ngoma wakati wa mavuno na hufanya matambiko kwenye mapango.
(2) Kisiwa hiki kilitekwa na Waingereza mwaka 1916.
(3) Wenyeji wengi huishi kwa uvuvi na kilimo.
(4) Meli ya Wajerumani ilizamishwa baada ya mapigano makali.

Katika sentensi (1) na (3) kitenzi kimebeba kiambishi hu-. Wanaisimu wanafahamu kuwa kiambishi hiki kina tabia mbili zinazokitofautisha na viambishi vya njeo. Hakiambatani na kiambishi nafsi, kwa hiyo umbo la kitenzi ni lile lile kwa mimi, wewe, yeye na wao. Pia hakitaji wakati. Kinasema kuwa jambo ni la kawaida bila kusema lilianza lini, nani alilianzisha, wala nani alilikataa. Katika sentensi (2) na (4) kitenzi kina -li-, kipo katika kauli ya kutendwa, na kimeandamana na mwaka au tukio. Mtenda anapotajwa ni Mwingereza. Anapoachwa, msomaji anamjaza mwenyewe kutoka katika historia aliyokwishafundishwa.

Ukizisoma sentensi hizi nne kwa mfululizo, unapata kisiwa chenye watu wa aina mbili. Kuna watu wanaotenda kwa tarehe, nao ni wageni. Kuna watu wanaotenda daima, nao ni wenyeji. Mwenyeji hakuwapo mwaka 1916. Yupo siku zote, jambo ambalo katika historia ni sawa na kutokuwapo. Kisiwa kinatekwa, lakini hatuelezwi ni mtumbwi wa nani uliochukuliwa, ni ghala la nani lililofunguliwa, ni kijana gani aliyeandikishwa kubeba mizigo. Tunajua kuwa vita hivyo katika Afrika Mashariki viliwaua wapagazi kwa makumi ya maelfu, na kwamba lugha yetu yenyewe imehifadhi kumbukumbu yao katika jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Ni ajabu kwamba jina la soko linakumbuka kile ambacho kijitabu cha safari kimekisahau.

Tusiilaumu hu- kupita kiasi. Ni kiambishi cha hekima pia. Maji hufuata mkondo, tunasema, na hakuna anayeuliza ni maji gani wala lini. Mzee anapomfundisha kijana desturi, anatumia hu- kwa haki, kwa sababu anasema kwa niaba ya wengi waliomtangulia, naye mwenyewe ni mmoja wao. Tatizo linaanza pale hu- inapotumiwa na mtu asiyekuwa mmoja wao, kuhusu watu wasiopewa umbo lingine lolote la kitenzi. Kinachomdhulumu mwenyeji ni ugawaji huo, na kipimo tunachopendekeza ni chepesi: katika andiko husika, je, mwenyeji ana kitenzi hata kimoja chenye -li- ambacho yeye ndiye mtenda wake?

Neno jingine linalohitaji kuhojiwa ni mbali. Ukerewe huitwa kisiwa cha mbali. Mbali na wapi? Katika Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, Namagondo ndipo mahali ambapo maisha yanaanzia. Rosa anatoka hapo kwenda masomoni, na uchungu wa nyumba ya Zakaria na Regina ndio kipimo cha kila kinachomfika ng'ambo ya maji. Kezilahabi, aliyezaliwa huko huko Namagondo mwaka 1944, hakukiandika kisiwa kama mwisho wa safari. Alikiandika kama mwanzo wake. Kwa mwenyeji, umbali haupimwi kwa uzuri wa mandhari bali kwa usalama wa kuvuka. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimetoka Bugorora, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Habari ya ziara inayosifu utulivu wa ziwa bila kujua kuwa maji hayo ni barabara ya watu kwenda sokoni na hospitalini imetumia neno mbali bila kulielewa.

3.0 Mila Zenye Tarehe: Usomaji wa Kitereza

Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali ni riwaya ambayo historia yake inajulikana kuliko maandishi yake yanavyosomwa. Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, aliiandika kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945. Mswada huo haukupata mchapishaji katika lugha yake. Baada ya miaka mingi aliutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikauchapisha mwaka 1980 katika juzuu mbili. Mwandishi alifariki mwaka 1981. Tafsiri ya Kijerumani ilifuata, kisha ile ya Kiingereza ya mwaka 2002, iliyofanywa na Gabriel Ruhumbika, ambaye naye ni mtunzi wa riwaya za Kiswahili na ni mzaliwa wa Ukerewe.

Kwa muda mrefu riwaya hii imesomwa kama ghala la mila. Inaelekezwa kuwa ukitaka kujua Wakerewe walivyolima, walivyovua, walivyosalimiana na walivyozika, fungua Kitereza. Usomaji huo una msingi. Riwaya ina sehemu nyingi za kueleza, na msomaji mwenye haraka anaweza kuchoka. Hata hivyo, tunadai kuwa usomaji huo umemgeuza Kitereza kuwa kijitabu cha utalii, kwa sababu unazichukua mila zake na kuziondolea tukio.

Tuchukue suala la pombe. Myombekere na Bugonoka hawajapata mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke, na wazazi wa mke wanamchukua binti yao kumrudisha nyumbani. Myombekere anampenda mkewe na anataka arudi. Anakwenda ukweni, anazungumza, na anatakiwa alete pombe. Hapo ndipo msomaji anapopata maelezo marefu kuhusu ndizi, vyombo, majirani wanaosaidia na siku za kusubiri. Mwandishi wa habari ya ziara angeandika kuwa Wakerewe hutengeneza pombe ya ndizi. Kitereza anaandika pombe ya mtu mmoja, inayotengenezwa kwa sababu moja, na inayoweza kuharibika. Ikiharibika, nyumba haitakuwa na mke. Kila hatua ya utengenezaji, kwa hiyo, ni hatua ya mashaka. Maelezo hayazuii kisa, ndiyo kisa.

Hali ni hiyo hiyo katika uganga. Kibuguma, mganga anayewatibu wanandoa hawa, haletwi kwenye riwaya ili tuone dawa za asili. Analetwa kwa sababu mume na mke wamepatana tena na sasa wanabaki na swali lile lile lililowatenganisha. Tiba inafuatwa kwa uvumilivu, na watoto wawili ambao majina yao yamo katika anwani ya riwaya ndio jibu. Mila katika riwaya hii ina tarehe, hata kama si tarehe ya kalenda ya kanisa. Ina siku ambayo ilifanywa, mtu aliyeifanya na jambo ambalo lingeharibika isipofanywa. Kwa lugha ya sehemu iliyotangulia, Kitereza anaitoa desturi katika hu- na kuiingiza katika mfuatano wa -li- na -ka-, yaani katika usimulizi wenye watenda.

Itauzwa hoja kuwa Kitereza naye anatumia hu-, na anaeleza mambo ambayo Mkerewe yeyote angeyajua bila kuelezwa. Ni kweli. Lakini tuulize maelezo hayo yalielekezwa kwa nani. Riwaya iliandikwa kwanza kwa Kikerewe, lugha ambayo mgeni wa Ulaya au wa pwani asingeisoma. Aliyekuwa akielezwa, basi, ni Mkerewe mwenyewe, kijana aliyekwenda shule, aliyebadilisha mavazi na dini, na ambaye asingeweza tena kuandaa pombe ya kumrudisha mke. Mgeni wa Kitereza ni mjukuu wake. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yake na msafiri: anaeleza mila kwa mtu anayepaswa kuibeba. Kitereza, kwa maneno mengine, anatoa jembe.

4.0 Ukimya wa Mwaka 1945

Hapa tunafikia swali ambalo, kwa maoni yetu, wahakiki hawajalitazama vya kutosha. Kitereza alikuwa kijana wa takriban miaka 20 wakati Waingereza walipoteka kisiwa chake mwaka 1916. Aliimaliza riwaya yake mwaka ule ule ambao Vita vya Pili vya Dunia vilimalizika. Kati ya miaka hiyo miwili utawala wa Ukerewe ulipita kutoka Wajerumani kwenda Waingereza. Hata hivyo, riwaya yake inatuweka katika Ukerewe ya kabla ya utawala wa wakoloni, na majeshi ya wageni hayana nafasi ndani yake.

Jibu rahisi ni kwamba alikimbilia zamani, kwamba alichora kisiwa kisicho na dosari ili kujiliwaza. Jibu hilo halistahimili usomaji. Kisiwa cha Kitereza kina masimango, ugumba, magonjwa na vifo. Ndugu wanaumizana kwa maneno. Mtu anayetaka kujiliwaza hachagui kuanza na ndoa inayovunjwa na ndugu za mume.

Jibu jingine, ambalo tunalitetea, ni kwamba ukimya huo ni uamuzi juu ya nani anayemiliki kalenda ya kisiwa. Maandishi ya wageni kuhusu Ukerewe yanakwenda kwa vituo vyao. Speke analiona ziwa mwaka 1858. Stanley anafika Ukerewe na kupokewa na mtemi Lukonge mwaka 1875. Wamisionari wawili wa Kiingereza wanauawa kisiwani mwezi Desemba 1877, katika ugomvi uliomhusu Songoro, mfanyabiashara aliyekuwa akiunda jahazi huko. Kisha Wajerumani, kisha 1916. Ukiifuata orodha hiyo, Mkerewe anaishi tu pale mgeni anapofika, na kati ya mgeni mmoja na mwingine kuna nafasi tupu. Riwaya ya Kitereza inaishi ndani ya nafasi hiyo tupu. Inasema kuwa kati ya mgeni na mgeni watu walioana, wakagombana, wakapatana, wakazaa na kuzika, na kwamba jambo kubwa kuliko yote mwaka ule lilikuwa kama Bugonoka angerudi nyumbani.

Wanahistoria wamekwishaonyesha kuwa nafasi hiyo haikuwa tupu hata kwa vipimo vyao. Kitabu cha Gerald Hartwig cha mwaka 1976 kiliwafuata Wakerewe katika biashara ya masafa marefu ya karne ya 19, ambamo wao wenyewe walisafiri, walinunua na waliuza. Watu wanaoitwa wa mbali walikuwa wasafiri kabla ya kutembelewa.

Ukimya huu, hata hivyo, una gharama. Kwa kuwa riwaya kubwa ya kisiwa haikuvisimulia vita, kumbukumbu ya vita imebaki katika vinywa vya wenyeji na katika ripoti za maofisa. Ripoti zimehifadhiwa. Vinywa vinafungwa kimoja kimoja. Tunauheshimu uamuzi wa Kitereza kama uamuzi wa kisanaa, lakini hatuna haki ya kuurudia kama uzembe wa kitaaluma.

5.0 Vita Viwili vya Mafia

Mafia inatupa sura ya pili ya tatizo. Mgeni anayefika huko leo anaelezwa vita vya mwaka 1915. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya Mto Rufiji. Waingereza wakaiteka Mafia mwezi Januari 1915, wakaifanya kituo cha ndege za kuitafuta manowari hiyo, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaangamizwa. Mizinga yake iliopolewa na kutumiwa na Wajerumani nchi kavu. Hata stempu za posta zilizotumika kisiwani zilipigwa chapa ya mfalme wa Uingereza juu ya jina la Mafia. Simulizi hii ina kila kitu: majina ya meli, tarehe, mbinu na mwisho. Haina Mmafia hata mmoja.

Mafia ina simulizi nyingine ya vita, na hiyo inasimuliwa na wenyeji wenyewe. Inahusu miji miwili ya kale, Kisimani Mafia na Kua katika kisiwa cha Juani. Masimulizi yanatofautiana, lakini kiini chake ni hiki. Watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kulishusha majini. Siku ilipofika, waliwafunga watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani badala ya magogo, na jahazi likapita juu yao. Watu wa Kua hawakulipiza kisasi mara moja. Walisubiri, wakajenga chumba chini ya ardhi, kisha wakawaalika watu wa Kisimani harusini. Wageni walipokuwa wamekwishaingia ndani wakila na kushangilia, mlango ukazibwa.

Tunaiangalia simulizi hii kama wahakiki, si kama mashahidi wa yaliyotokea. Kisanaa, muundo wake ni wa mialiko miwili. Uhalifu wa kwanza unavunja heshima ya mgeni, na kisasi kinaivunja tena kwa kipimo kile kile. Jahazi, ambalo ni fahari ya ufundi wa visiwa hivi, linageuzwa kuwa silaha. Harusi, ambayo ni kilele cha ukarimu, inageuzwa kuwa kaburi. Simulizi haisemi kuwa watu wa Mafia hupigana. Inasema kuwa walialika, wakaua, wakasubiri, wakaalika tena. Kiambishi -ka- kinafanya kazi yake ya kubeba sababu na matokeo, na watenda wote ni wenyeji. Hii ni historia inayojihukumu. Haimpambi mwenyeji, wala haimtafutii msamaha kwa mgeni.

Linganisha sasa namna simulizi hii inavyowekwa katika habari ya ziara. Mara nyingi inaitwa hekaya na kuwekwa karibu na aya ya magofu na miti, ilhali Königsberg inaitwa historia. Tofauti ya hadhi hiyo haitokani tu na ushahidi. Kua ina magofu yanayoonekana, na uvamizi wa Wasakalava wa kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19 unatajwa katika historia za pwani. Tofauti inatokana pia na lugha. Habari ya Königsberg iliandikwa kwa Kijerumani na Kiingereza tangu mwanzo. Habari ya Kua ilisemwa kwa Kiswahili.

Hata pale mwenyeji alipoandika, Kiswahili chake kimetufikia kwa njia ya kuzunguka. Pat Caplan, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kaskazini mwa Mafia tangu miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1997 kitabu ambacho sehemu yake muhimu ni shajara iliyoandikwa kwa Kiswahili na mwanakijiji kwa ombi lake. Ni kazi ya heshima, kwa sababu inampa mwenyeji nafasi ya mwandishi na siku zenye tarehe. Lakini katika kitabu hicho tunamsoma mwanakijiji huyo kwa Kiingereza. Kwa wanaisimu wa Kiswahili, shajara ya mtu wa kawaida wa Mafia ni hazina: namna alivyochagua njeo, alivyowataja jamaa, alivyoingiza misemo ya kijijini. Ni haki kuuliza kwa nini utanzu wa shajara hauna nafasi katika mitaala yetu ya fasihi.

6.0 Kusoma Visiwa kutoka Litapunga

Makala hii imeandikwa Litapunga, kata iliyo katika Halmashauri ya Nsimbo mkoani Katavi, kwenye nchi ya miombo ambako kisiwa kinajulikana zaidi kwa kusoma kuliko kwa kuona. Tunalitaja hili kwa kuwa linahusu hoja. Anayemsoma Kitereza akiwa huku ni mgeni, na anaweza kumsoma kwa hu- bila kujua.

Lakini msomaji wa Litapunga ana kipimo chake karibu. Upande wa magharibi kuna Ziwa Tanganyika, na katika mwambao wake, huko Ikola na Karema, watu wa Katavi wameijua kwa miaka mingi meli ya Liemba. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikasafirishwa vipande vipande ndani ya makasha hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na ikaanza kazi upya mwaka 1927 kwa jina ambalo wenyeji waliliita ziwa upande wa kusini. Wageni wameandika mengi kuhusu miaka yake miwili ya vita. Miaka yake mingi ya kubeba samaki, mahindi, wagonjwa na wakimbizi imeandikwa kwa sentensi moja yenye hu-: meli hii hubeba abiria na mizigo.

Kuna mfano wa karibu zaidi. Katika halmashauri hii hii ipo Katumba, makazi ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Kwa miongo kadhaa ripoti ziliandika kuwa wakimbizi wa Katumba hulima na huishi kwa namna fulani, hata baada ya watoto wao kuzaa watoto hapo. Ilipofika mwaka 2014 wengi wao walikabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. Siku hiyo, kisheria, hu- ilikoma na -li- ikaanza: walikuja, walilima, walizaliwa, walikuwa raia. Mfano huu unathibitisha kuwa tunachokijadili si suala la maji kuizunguka nchi kavu. Jamii yoyote inaweza kufanywa kisiwa na sarufi ya anayeitembelea.

7.0 Hitimisho

Tumedai kuwa habari za ziara kuhusu Ukerewe na Mafia zinagawa wakati kwa upendeleo, na kwamba mgawanyo huo unaonekana katika kitenzi kabla ya kuonekana katika maoni. Tumeonyesha kuwa Kitereza aliziandika mila kama matukio, kwamba ukimya wake kuhusu vita unaweza kusomwa kama kukataa kalenda ya wageni, na kwamba simulizi ya Kua na Kisimani inatenda kile ambacho habari za Königsberg hazitendi: inamfanya mwenyeji kuwa mtenda na mwenye kubeba lawama ya matendo yake.

Yapo mambo matatu yanayofuata kutokana na hoja hii. La kwanza ni la uhakiki: habari ya ziara isomwe darasani kama utanzu, na wanafunzi wafundishwe kuhesabu vitenzi vyake na watenda wake. La pili ni la ukusanyaji: kumbukumbu za mwaka 1915 na 1916 zilizorithiwa katika koo za Mafia na Ukerewe zirekodiwe kwa Kiswahili na kwa Kikerewe, kama zinavyosimuliwa, bila kusawazishwa ziwe maelezo ya desturi. Waliozishuhudia wamekwisha, waliozisikia kutoka kwao ni wazee sasa. La tatu ni la uchapishaji. Riwaya kubwa kuhusu Ukerewe inasomeka kwa Kiswahili, Kijerumani na Kiingereza. Lugha iliyotungwa kwayo nayo inastahili kuwamo.

Mwandishi wa ziara atakayekwenda visiwani baada ya hapo ataendelea kukaribishwa, kwa sababu ukarimu wa huko hautegemei makala za kitaaluma. Atakula, atapumzika, ataonyeshwa magofu. Siku ya tatu aulize jina la aliyekuwapo.